Tuonyeshwe kipimo kwanza, njo tulipe kipande

Mwezi ukiisha, mshahara wa mgodi unagawanyika kabla haujafika nyumbani. Kuko minervali ya watoto, kuko mfuko wa unga, kuko nyumba, kuko deni la duka. Na sasa mu familia nyingi kumeingia kitu kingine: ordinatere ya okazio, yenye mtoto anatumikisha kwa masomo ya iniversite, ao mama anaandikia hesabu za biashara yake. Inakuwa polepole, tunaipeleka kwa fundi. Fundi anasema: « Papa, tuongeze memwari, itakimbia. » Tunalipa, tunarudi nayo. Tunabonyeza, na tunangoja dakika tano sawa vile tulikuwa tunangoja mbele. Wengine wanangoja hata zaidi.

Hapo tunaanza kumlaumu fundi, ao kusema masini imelogwa. Sisi tunaona shida iko pengine: tumezoea kununua kipande bila kupima. Na jambo hili, watu wa migodi tungepaswa kulijua kuliko wengine. Nani kati yetu anapeleka gunia la heterojenite ku depo na kupokea falanga bila kuuliza teneri? Tunasimama pale, tunaangalia masini ya kupimia, tunabishana juu ya kila pointi. Lakini mbele ya fundi wa ordinatere tunafungua mfuko na macho imefungwa.

Tuangalie kazi yenyewe. Ku mgodi wa wazi, shoveli inajaza kamiyo, kamiyo inapanda mpaka ku kiwanda. Ukinunua kamiyo yenye sanduku kubwa, na shoveli ni ile ile ndogo, tani haziongezeki. Kamiyo itangoja tu. Ordinatere ni vile vile. Memwari ni sanduku la kamiyo. Disiki njo shoveli. Wakati masini inawaka, inachota ku disiki maelfu ya vipande vidogo vya programu. Disiki duru ya zamani inazunguka, na kichwa chake kinakimbia huku na huku kutafuta kila kipande. Kutoka giga 4 mpaka giga 8 ya memwari kunasaidia sana mtu mwenye kufungua mambo mengi pamoja. Kwa kuwaka tu, inasaidia kidogo. Kama shoveli njo inachelewesha, dawa yake ni SSD, disiki isiyokuwa na kitu cha kuzunguka.

Lakini hata wenye kununua SSD tunasikia wanalia. Njo maana tunasema: kipimo kwanza. Na kipimo hiki hakiombi diplome. Chukua telefone yako, fungua kronometre, na uhesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza: kutoka kubonyeza mpaka alama ya Windows ionekane. Hesabu ya pili: kutoka alama ile mpaka unaweza kutumika kweli. Andika zote mbili ku karatasi.

Kama hesabu ya kwanza njo ndefu, Windows haiko na kosa, bado haijaanza. Ni masini yenyewe inajikagua. Kisha kubadilisha memwari, kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchelewa, juu masini inajifunza kipande kipya. Izime, iwashe tena. Ikienda vizuri, shida imeisha. Ikiendelea kuchelewa, toa kle USB na kila kitu kilichochomekwa, uhesabu tena. Kisha muulize fundi: ile disiki ya zamani iko bado ndani? Disiki yenye kuchoka, masini inaiita na inangoja jibu lake. Muombe aitoe kidogo mukiwa pamoja, muhesabu. Aangalie tena mu BIOS, masini inatafuta Windows wapi kwanza. Kama inaanza kuitafuta ku rezo ao ku disiki ya zamani, sekonde zinapotea pale kila siku.

Na sisi wa delestaje tusisahau ile pile ndogo ya mviringo yenye kukaa ndani ya ordinatere ya mezani. Umeme ukikatika, pile ile njo inalinda saa na mpangilio wa masini. Ikikufa, tarehe inarudi nyuma, na mpangilio wenye fundi aliweka unapotea. Ukiona tarehe ni ya uongo kila mara umeme umerudi, anza na pile. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote tunavyouziwa.

Kama hesabu ya pili njo ndefu, angalia disiki na programu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Gestionnaire des tâches itafunguka. Angalia penye kuandikwa « Disque ». Kama inabaki karibu na 100 % kwa dakika nyingi, na prosesere na memwari ziko na nafasi, shoveli yako njo imechoka. Ingia tena mu « Performance », ubonyeze kila disiki: pale inaandikwa ni ipi iko disiki ya sisteme. Hapa njo familia nyingi zinapata jibu: SSD mpya iko ndani, lakini Windows imebaki ku disiki ya zamani. SSD imekuwa stoo ya picha na muziki, na bei yake tumelipa yote. Mwisho, ku « Démarrage », zima programu zisizohitajika wakati wa kuwaka, antivirusi uiache.

Jambo lingine dogo: mu Windows za sasa, ukichagua kuzima, mara nyingi masini haisahau yote, inaweka sehemu ya sisteme ku disiki ili iwake mbio kesho. Kisha kubadilisha kipande, chagua « Redémarrer » mara moja, ili ianze upya kabisa na kukitambua.

Tunajua mafundi watatujibu nini. Watasema: wateja hawataki kulipa kipimo, wanataka kuona kipande. Wako na haki. Tunabishana na kijana mwenye kukaa saa nzima akitafuta shida, lakini tunalipa mbio yule mwenye kuonyesha kartoni mpya. Namna ile, sisi wenyewe tunamfundisha fundi kuuza kuliko kutafuta. Kama tunataka kipimo, tukubali kukilipa. Saa moja ya fundi mwenye kujua inaweza kutuokoa kununua kipande kisichohitajika.

Kwa hiyo tunaomba kila familia ishike mambo matatu. Kwanza, mbele ya kazi yoyote, kazi za mtoto na picha za nyumbani zikopiwe pahali pengine. Disiki ikikufa mikononi mwa fundi, hakuna mtu atarudisha mwaka wa masomo. Pili, fundi aandike ku fakture dakika za kuwaka mbele ya kazi na dakika za nyuma. Tatu, kipande cha zamani kirudi nyumbani, zaidi kama ni disiki. Ndani yake kuko barua zetu, karatasi zetu, sura za watoto wetu. Haifai ibaki ku meza ya mtu mwingine, hata mtu yule awe mwema.

Kobalti yenye kutoka Kolwezi inaingia mu bateri za ordinatere za dunia nzima. Jasho letu linaenda mbali, kisha linarudi kwetu mu sura ya masini ya okazio, na tunailipa mara ya pili. Kuilipa mara ya tatu, kwa kipande chenye hakikuhitajika, ni sisi tunakubali. Gunia letu hatuliuzi bila teneri. Na falanga yetu isitoke bila dakika kuhesabiwa.