MFUGAJI ASHAURIWE KABLA YA KUAMRIWA

Wako watu wadhanio kuwa mipango ya mifugo ni kazi ya wakubwa wa maofisini peke yao, na mfugaji hana lake ila kutii. Khabari za Usukuma zatosha kuwakanusha.

Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha huko mpango mkubwa wa maendeleo. Wananchi waliamrishwa kupunguza ng'ombe wao na kulima kwa kanuni walizotungiwa, na aliyekaidi aliadhibiwa. Yumkini baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na maana. Walakini mwenye ng'ombe hakuulizwa. Chuki ikajaa, na mwaka 1958 watu wa Geita walikusanyika hatta Mwanza kupinga amri hizo pamoja na baraza waliloundiwa bila ya ridhaa yao. Serikali ikalazimika kulegeza kamba.

Uhuru ulikuja, lakini tabia ya kuamrisha haikuondoka. Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua ili ndama, maksai na ng'ombe dhaifu wapate majani wakati wa kiangazi. Ardhi ya Shinyanga ikabaki uchi, ikaitwa jangwa.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI. Mara hii wataalamu walianza kwa kuwasikiliza wenyeji. Ngitili zikarudishwa, na ulinzi wake ukashikwa na wanakijiji wenyewe kwa sheria zao za jadi. Mwanzoni zilihesabiwa hekta 600 hivi. Baada ya miaka kama 15 zilizidi hekta 300,000. Hatusemi kuwa wote walifaidi sawasawa, kwani mwenye ardhi kubwa alipata zaidi. Hatta hivyo, miti na majani yalirudi pale ambapo amri zilishindwa.

Je, funzo hili limeshikwa? Geita leo ina mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na mfugaji, mkulima na mchimbaji mdogo wote wanaitegemea ardhi ile ile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi. Lakini mkutano unaoitwa baada ya ramani kuchorwa, ili watu wapige makofi tu, si shauri hata kidogo.

Ndugu wanachama, tusiseme kuwa haya ni ya bara na hayatuhusu. Visiwa vyetu ni vidogo, na shamba likishachukuliwa, ng'ombe hana pengine pa kufungwa. Kila utakapoletwa mpango wa ardhi katika shehia yako, uliza mambo matatu: nani ameshauriwa, lini, na neno gani la wananchi limeandikwa humo. Usipojibiwa, usiunge mkono.