Kamera za porini: picha zetu ziko kwa nani?

Ndugu zetu mliohama vijiji mkaja Baraka: leo sileti habari, ni maoni yangu mimi.

Kamera zile ndogo zinazofungwa kwenye miti hazina mtu wa kuzibonyeza. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, zinapiga picha zenyewe, usiku na mchana, pamoja na saa na tarehe. Kwa kuhesabu sokomutu wa Itombwe na Kabobo ni kazi nzuri, siipingi.

Lakini kamera haichagui. Mama anayetoka kambini kutafuta kuni naye ana joto. Familia inayokimbia risasi usiku inapita njia ile ile ya wanyama. Picha inabaki kwenye kadi, na mwenye bunduki akiiba kadi ile, anajua nani alipita, saa ngapi, akielekea wapi.

Msiniambie naogopa kivuli. Kule India, kwenye hifadhi ya Corbett, mwaka 2017 kamera ya kuhesabu chui-milia ilimpiga picha mwanamke akijisaidia porini, na picha ikazungushwa kwenye WhatsApp na Facebook. Wanakijiji wakazivunja kamera.

Hapa kwetu tunajua mambo ya kuamuliwa mbali. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 kwa karatasi ya waziri, wenyeji wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Mipaka ilirekebishwa mwaka 2016. Miaka 10 nzima!

Kwa hiyo, ICCN na mashirika yanayosaidiana nayo: kabla ya kufunga kamera, ketini na wakuu wa vijiji, Wabembe, Wambuti, pamoja na wajumbe wa waliohama. Semeni zinafungwa upande gani. Picha ya mtu ifutwe siku ile ile kadi inapofunguliwa, isiende kwa askari wala kwenye simu ya mtu. Mtaniuliza, na mwindaji je? Akamatwe na walinzi waliomkuta na nyama, si kwa picha ya mgongo uliobeba kuni. Na picha za wanyama tuonyesheni sisi kwanza, Fizi na Baraka, kabla ya Bukavu. Watoto wengi wa kambini hawajamwona sokomutu hata siku moja.

Na nyinyi vijana mnaosema tuzivunje, acheni. Atakayeshangilia ni mwindaji, na atakayesingiziwa kesho yake ni yule yule mama wa kuni.