Bakora haitibu mtoto asiyetulia

Yupo mtoto ambaye ukimtuma chumvi dukani hurudi na kiberiti, au harudi kabisa, umkute amesimama kwa fundi baiskeli. Shuleni daftari lake halina kazi iliyokwisha. Madrasa wenzake wamefika Suratul-Fajr, yeye bado yuko Alam-tara. Hukumu hutoka haraka: mtundu, mvivu, au amechezewa. Kisha bakora.

Ndugu mzazi, kwanza hakikisha anasikia na kuona vizuri. Mwenye usaha sikioni, au asiyeuona ubao, atamsikiliza nani? Tazama pia usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na wa kwetu wengi hukesha kwenye televisheni na alfajiri wako macho.

Hayo yakiwa sawa, na hali imezidi miezi 6, nyumbani na shuleni pia, huenda ni tatizo la umakini ambalo madaktari huliita ADHD. Linatokana na namna ubongo unavyokua na mara nyingi hurithiwa (muulizeni bibi, huenda baba naye alikuwa hivyo hivyo). Haliletwi na malezi mabaya. Wasichana ndio husahaulika, kwani wengi hukaa kimya huku mawazo yako mbali.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni mzazi, mwalimu na ustadhi kutozungumza. Kila mmoja anamchapa kwa zamu yake. Wangekaa pamoja nusu saa tu, wangeona kuwa mengi hayahitaji fedha. Akae mbele, mbali na dirisha. Apewe agizo moja, alirudie kwa mdomo wake, ndipo lifuate jingine. Hifdhi iende aya moja moja, na katikati anyanyuke, hata kwa kutumwa kufuta ubao. Akifanya vyema asifiwe pale pale. Mwalimu atasema darasa limejaa, na ni kweli. Lakini kumhamishia mbele hakumwongezei mwanafunzi.

Dawa zipo, ila huandikwa na daktari baada ya uchunguzi, na kwa aliye chini ya miaka 6 huanzwa na mafunzo kwa wazazi. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha tatizo hili. Kwa hiyo ukienda hospitali, beba madaftari yake pamoja na maelezo ya maandishi ya mwalimu na ya ustadhi.