Tufundisheni Kutunza, Siyo Kuanzisha Tu

Semina za kompyuta zinazoletwa huku kwetu kambini karibu zote zinaisha na mashindano ya ubunifu. Vijana wanagawanywa kwa vikundi, wanabuni app ya soko ama ya afya, picha zinapigwa, vyeti vinatolewa, wageni wanapanda gari. Mwaka unaofuata uliza hiyo app iko wapi. Imekufa, na hakuna aliyefundishwa kuitibu.

Mimi nasema semina hizo zinatudharau. Zinafundisha kuzaa, kulea hazifundishi.

Hebu tuchukue Emacs, programu huria ya kuandika na kuhariri maandishi. GNU Emacs ya Richard Stallman ilitoka kwa umma 1985 na mpaka leo iko hai. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Lisp, lugha ambayo John McCarthy aliianza 1958. Mkufunzi mmoja alituambia eti Lisp ni lugha ya wazee, tusipoteze muda. Mzee gani huyo ambaye bado anatembea, wakati app za vijana tunazizika kila mwaka?

Emacs ina maelfu ya viendelezi, yaani vipande ambavyo watu wameongeza ili ifanye kazi zaidi. Org, kwa mfano, ilianzishwa 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa nyota, apate kupanga kazi zake. Yeye aliiachia wengine zamani, nayo inaendelea. Vingi havina bahati hiyo: mtu mmoja anavitunza usiku, bila mshahara.

Na kutunza siyo kupangusa vumbi. Zamani Lisp ya Emacs ilikuwa na tabia hii: fanksheni ikilipa jina thamani, kila fanksheni inayoitwa kutoka ndani yake inaliona jina hilo, kama mama anavyoita uani na majirani wote wakasikia. Toleo la 24, mwaka 2012, likaleta njia nyingine: jina linabaki ndani ya nyumba yake. Kuhama ni kuandika mstari mmoja tu juu ya faili. Mmoja! Lakini ukiuandika bila kusoma yaliyo chini, kiendelezi kinaweza kuvunjika kimyakimya, maana huko katikati kuna fanksheni iliyozoea kusikia sauti ya jirani. Basi unakaa, unapita jina kwa jina: hili la ndani, hili la wote, litangazwe. Siku hizi Emacs 30, ya 2025, inatoa onyo kwa faili isiyo na mstari huo inapokusanywa, na lawama zinamwendea mtunzaji, ambaye pengine wala si yeye aliyeandika.

Sisi tuliokuta vibanda vya waliotutangulia, tukabadilisha turubai bila kung'oa nguzo, kazi hii tunaijua kuliko huyo mkufunzi.

Mtasema bando. Ukishaisakinisha Emacs pamoja na msimbo wake wa Lisp, unabonyeza Control na h, halafu f, unaandika jina la fanksheni, unapata maelezo yake na njia ya kufika pale ilipoandikwa. Intaneti ya nini hapo?

Mtasema karatasi. Kwa Emacs yenyewe mna haki kiasi: mabadiliko makubwa yanadai hati ya kukabidhi hakimiliki kwa Free Software Foundation, na fomu inauliza uraia na anwani ya posta. Anwani ya posta, jamani, sisi! Ila mabadiliko madogo, kama mistari 15 hivi, hayadai hati, na viendelezi vingi vya nje havina sharti hilo kabisa.

Mtasema njaa, na hapo sina ubishi. Sitamwambia mtu mwenye watoto afanye kazi ya bure kwa ajili ya watu wa mbali. Ndiyo maana nawadai wenye pesa za mashindano: zile za zawadi, mabango na chakula cha wageni zigeuzwe posho ya vijana wawili, mwaka mzima, wakitunza kiendelezi kimoja cha zamani, na fundi mzoefu akiwasomea kazi yao kila wiki. Kila rekebisho litabaki hadharani kwenye historia ya msimbo, jina lao na tarehe, na mwajiri yeyote atalisoma bila kuomba barua ya mtu.