Shati la Jinzi, Zawadi ya Kijana

Kila mwaka, siku za Kipaimara na za mwisho wa masomo zikaribiapo, wazazi na wasimamizi huulizana: kijana wa miaka kumi na sita au kumi na minane apewe nini? Fedha ikitiwa mkononi yatoka kabla ya jioni. Saa ya bei rahisi husimama kabla ya mwezi kwisha. Sisi, kwa vijana wa Komanda na wa Bunia, twashauri shati nene la jinzi, lile livaliwalo juu ya shati jingine au fulana, likafunguliwa vifungo jua likiwa kali na kufungwa upepo ukivuma.

Mtu wa mjini mwenye joto huenda akacheka shauri hili. Asicheke. Komanda ipo penye njia panda: barabara itokayo Bunia, kilomita 75 hivi, yakutana na ile ya Beni na ile iendayo Mambasa hata Kisangani. Upande mmoja nyasi, upande wa pili msitu. Kijana apandaye pikipiki alfajiri kwenda Bunia, penye mwinuko wa meta 1,200 na zaidi, hupigwa na upepo kifuani mpaka meno yagongane. Saa sita atoka jasho. Saa tisa mvua. Koti zito ni mzigo, na shati moja halitoshi. Lakini nguo mbili za kadiri zikivaliwa pamoja hufunga hewa kati yake, na hewa hiyo ndiyo ilindayo joto la mwili. Ila tusidanganyane: jinzi ni pamba, hunywa maji na hukauka polepole. Shati lililolowa humtia mtu baridi kuliko kutovaa kitu juu. Halichukui nafasi ya koti la mvua.

Yafaa kukijua kitambaa chenyewe. Husemwa kwamba asili yake ni mji wa Nîmes, katika Ufaransa; sifa zake za leo alizipata Marekani, ambako Levi Strauss na mshonaji Jacob Davis walipewa hati mwaka 1873 ya kukaza mifuko ya suruali za kazi kwa vipini vya shaba. Nyuzi za urefu hutiwa nili, nyuzi za upana huachwa nyeupe. Ndiyo sababu ndani ya nguo huonekana weupe. Nayo nili haizami mpaka moyo wa uzi, hukaa juu juu tu. Kwa hiyo hufifia mahali pasuguliwapo, na vijana huupenda mfifio huo.

Lakini hapo pana hatari ambayo wazazi wengi hawaifikiri. Wanafunzi wetu wa Kongo huvaa shati jeupe shuleni. Jinzi mpya ya rangi iliyoiva, ikivaliwa juu ya shati jeupe lenye jasho, huacha bluu ukosini na makwapani, na mama wa nyumba hulifua shati hilo bila mafanikio. Wengine husema loweka kwa chumvi au siki, rangi itashika. Kwa nili dawa hiyo haisaidii kitu. Dawa ni kufua jinzi peke yake, ndani nje, katika maji baridi, mara tatu au nne mpaka maji yatoke meupe, na kuianika kivulini. Ifanyeni kazi hiyo kabla ya kutoa zawadi, msimwachie kijana.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuoni aibu kusifu nguo za mitumba. Shati lililokwisha kufuliwa mara nyingi limetoa rangi yake ya ziada, na limekwisha kupungua. Jinzi mpya isiyotayarishwa vema kiwandani huweza kupungua hata asilimia 10: mkono wa sentimeta 60 ukawa 54, na kijana akafanana na mtu aliyeazima nguo ya mdogo wake. Katika mitumba tazameni ukosi na ncha za mikono, maana ndipo nguo huchakaa kwanza. Liinueni shati juani, mwone kama kuna mahali pamekuwa pepesi. Fungueni na kufunga kila kifungo. Vifungo vya chuma vyenye kutu vitachafua nguo ya ndani. Nguo iliyochanwa kiwandani kwa makusudi twawaachia wenye fedha za kuchezea.

Juu ya uzito, jinzi ya suruali huwa na gramu 400 hivi kwa meta ya mraba, ya shati jepesi haifiki 200. Shati la juu lataka katikati. Sokoni hakuna mizani ya jambo hili; kunjeni mkono wa shati mara mbili. Ukikataa kukunjika ni zito mno, ukilegea kama leso halitazuia upepo.

Kipimo ndicho kiwashindacho watoaji zawadi wengi, maana mpokeaji hayupo, na kumwuliza ni kuivunja siri. Mwombeni mama yake shati moja limtoshalo. Au pimeni kwa kamba. Kifua cha sentimeta 90 chataka shati la juu lenye mzunguko wa 104 mpaka 110, yaani 52 mpaka 55 likilazwa mezani. Mshono wa bega upite mfupa kidogo, si zaidi ya sentimeta mbili. Urefu ufike nyongani tu. Likishuka sana, humsumbua akaapo juu ya pikipiki. Kijana angali akua, lakini msinunue la miaka mitatu ijayo, atalificha sandukuni.

Neno moja tunalisisitiza. Katika marundo ya mitumba mna makoti na mashati ya madoadoa, au ya kijani kibichi kama ya jeshi, tena imara na ya bei nafuu. Msiyanunue. Katika Ituri, penye askari, wanamgambo na vizuizi vya barabarani, kijana aliyevaa hivyo huulizwa maswali ambayo shati la bluu halimletei. Hata mpokeaji akililia la namna hiyo, mnyimeni.

Wala msipuuze mifuko. Mashati mengi ya jinzi yana mifuko miwili kifuani yenye vifuniko na vifungo. Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, waumini wa Komanda wakiwa katika mkesha, wapiganaji wa ADF walishambulia kanisa na nyumba za jirani, wakaua watu wasiopungua 43. Familia nyingi zilikimbia, wengine mpaka Bunia. Mtu akimbiaye usiku hachagui. Huondoka na kilichomo mwilini. Kadi ya shule, cheti cha ubatizo, namba za simu za ndugu zilizoandikwa katika karatasi, vyote vyaweza kukaa katika mfuko uliofungwa, vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Lenye mfuko mmoja ulio wazi, mpeni fundi aongeze wa pili kwa ndani. Mwambieni atumie sindano ya kitambaa kinene na kushona mara mbili, maana sindano ya kawaida huvunjika penye mikunjo ya jinzi.

Kwa kijana akaaye kwa jamaa pamoja na watoto wa nyumba ile, mpeni zawadi yake faraghani, na kwa wengine nunueni hata madaftari. Kifungo cha akiba kishonwe ndani, chini ya ubavu wa kushoto.