Watoto Wetu Wacheze Wapi?



Mji wa Kigali unakua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1, ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.7. Sisi wa Nyamirambo tunayaona hayo kwa macho. Miteremko iliyokuwa mashamba sasa imejaa mabati, na watoto wakitoka madrasa jioni, mahali pao pa kucheza ni barabarani, katikati ya pikipiki.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 2021 baadhi ya njia za Biryogo zilifungwa kwa magari, na leo watu wazima wanakaa pale wakinywa chai kwa utulivu. Mwaka 2022 ikafunguliwa bustani ya Nyandungu, eneo la zaidi ya hekta 100, ambako kinamasi kilichoharibika kilifufuliwa na kupandwa miti. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Nyandungu iko upande mwingine wa mji. Mama mwenye watoto wanne atawapeleka mara ngapi kwa mwezi? Bustani ya mtoto ni ile anayoifikia kwa miguu, na akiitwa nyumbani anasikia.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: katika mitaa mipya, bustani itengewe ardhi kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Milima yetu ina ardhi tambarare kidogo, na kila mtu anaitaka. Bustani ikiachwa mwisho, kinachobaki ni korongo la maji ya mvua. Korongo linafaa miti ya kushika udongo, halifai bembea.

Wapo wenzetu wanaosema sehemu tambarare ijengwe maduka, kodi yake isaidie madrasa. Sisi walimu ndio tungefaidika na kodi hiyo, na bado tunasema hapana. Duka litapata mahali pengine, mtoto hatapata. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mti unaopandwa, akala mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyeupanda. Ametufundisha pia kuipa njia haki yake. Tutaipaje haki yake ikiwa ndiyo uwanja wa watoto wetu?

Tena bustani isiwe uwanja wa mpira peke yake. Vijana wakubwa wakishaushika, wasichana na wadogo hubaki pembeni wakitazama. Tuombe kona ya bembea karibu na viti vya akina mama, bomba la maji, choo safi, taa, na miti ya kivuli.

Mahali pa kuyasema haya tunapo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya Umuganda, wakazi wa mudugudu hukaa kikao. Wengi wetu tunashika majembe vizuri, kikao kikianza tunaondoka. Safari hii tukae. Akina mama waseme, kwani wao ndio wanaojua mtoto anacheza saa ngapi na wapi. Wanafunzi wa sekondari waandike maombi yetu. Na ardhi ikipatikana, kila darasa la madrasa lichukue miti yake, liimwagilie maji wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mpaka ishike mizizi.

Wabillahi tawfiq.