Usipande Mlima Bila Kuaga



Wenzetu wengi hapa New England wameanza kupanda milima siku za ofu, na mimi naunga mkono mia kwa mia. Mtu aliyebeba boksi usiku kucha anahitaji hewa safi, na presha na sukari tunazozilalamikia kila siku zinapenda mtu anayetembea. Ninachotaka kukisema leo ni kuhusu wale wanaokwenda peke yao, vilele vitatu kwa siku moja, bila kumwambia mtu. Sababu naijua, shifti hazilingani. Sikukatazi kwenda. Nakukataza kwenda kimyakimya.

Tuchukue mlima mmoja, Tripyramid, ulioko Waterville Valley, New Hampshire. Una vilele vitatu vilivyofuatana, kaskazini, kati na kusini, vyote kama futi 4,100 hivi na vyote vimefunikwa na msitu. Mzunguko mzima ni karibu maili 11. Ukitoka Manchester unafika kwa gari chini ya saa mbili, kwa hiyo unamvutia sana mtu mwenye ofu ya siku moja. Lakini upande wa kaskazini unapanda juu ya mwamba mtupu uliobaki baada ya ardhi kuporomoka, mkali kama paa la nyumba, na ukilowa unateleza vibaya. Waliozoea hupandia hapo na kuteremkia kusini, kwa sababu kuushuka mwamba ule ni hatari kuliko kuupanda. Halafu kuna kilima mashariki yake kinaitwa Fool Killer, yaani Muua Wajinga, maana kwa mbali kinaonekana kama ndio mlima wenyewe, na ukishakipanda unakuta bonde zima bado liko mbele yako. Waliokipa jina hawakuwa na haya!

Wapandaji wa huku wana hesabu yao: nusu saa kwa kila maili, ongeza nusu saa kwa kila futi 1,000 unazopanda. Mzunguko huu una mpando wa futi 3,000 hivi, kwa hiyo ni saa saba bila kukaa kula, bila kuswali, bila kupiga picha. Sisi tumekulia mahali ambapo jua linazama karibu wakati uleule mwaka mzima. Huku mapema Novemba, saa zikisharudishwa nyuma, linazama saa kumi na nusu, na ndani ya msitu giza linatangulia. Ukianza kutembea saa tano asubuhi, hesabu mwenyewe utakuwa wapi.

Kinachowaponza watu ni kuhesabu vilele. Umechoka, maji yamebaki kidogo, lakini unajiambia kimebaki kimoja tu. Mwenzako angesema turudi. Wewe peke yako huna wa kukuambia, kwa hiyo saa ya kugeuka ipange ukiwa nyumbani, uiandike, na ikifika ugeuke hata kama kilele unakiona. Na ujue utarudi kwa njia ipi. Pale Tripyramid, kwa mfano, njia ya Scaur Ridge inakukwepesha ule mwamba, lakini ya Sabbaday Brook inakutoa upande wa pili kabisa, barabara ya Kancamagus, mbali na gari lako.

Sasa afya. Mwili ukianza kupoa, kinachotangulia kuyumba ni akili. Maneno yanatoka nusunusu, vidole vinashindwa kufunga zipu, unajikwaa, na wewe mwenyewe unajiona mzima. Anayeliona hilo ni mwenzako. Wala si habari ya theluji tu, mvua na upepo juu ya fulana ya pamba iliyolowa jasho vinatosha hata kama chini kulikuwa na joto zuri. Mwenye kisukari anayetumia insulini ana hatari ya pili, kwa kuwa sukari ikishuka dalili zinafanana na hizo hizo. Huyo kwa maoni yangu asipande peke yake, basi.

Najua watu wa Lushoto na wa Kivu watacheka. Nani wa kumfundisha mtoto wa milimani kupanda mlima? Lakini milima ya kwetu ina watu. Ukivunjika mguu kwenye njia ya Usambara, haipiti muda atatokea mama na mzigo wake wa kuni, au watoto wanaotoka shule, na kijiji kizima kitajua. Huku, Jumanne ya Oktoba, unaweza kutembea mchana kutwa usikutane na mtu.

Na kwetu kulikuwa na kuaga. Hata ukienda kisimani uliaga. Huku tumeacha, na wengine wanaona kutangaza safari ni kujitafutia husuda. Basi usitangaze, mwambie mtu mmoja, lakini mwambie sawasawa: jina la mlima, vilele kwa mpangilio, gari umeliegesha wapi na namba yake, saa ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia apige 911. Kumwambia mama aliyeko Tanga hakutoshi, atakesha akilia na hana namba ya kupiga.

Ukishaaga, usiache njia. Jimbo jirani la Maine, Julai 2013, mama wa miaka 66 aliyekuwa akitembea peke yake alitoka njiani kwenda kujisaidia, akapotea. Mumewe alikuwa akimsubiri mbele na alitoa taarifa. Ujumbe wa simu alioandika haukwenda, hakukuwa na mtandao. Mwili wake ulipatikana Oktoba 2015, chini ya maili mbili kutoka njiani. Kwa hiyo filimbi, tochi na ramani ya karatasi viwe mfukoni, usitegemee simu.

Halafu kuna habari ya pesa. Sheria ya New Hampshire inaruhusu kumdai gharama za uokoaji mtu aliyefanya uzembe, na nawasikia watu wetu wakisema bora wakomae wenyewe kuliko kuletewa bili. Jimbo lina kadi inayoitwa Hike Safe, ilipoanza 2015 ilikuwa dola 25 kwa mwaka, inayokukinga usidaiwe ila kama ulifanya upuuzi wa wazi. Wanaokuja kukutafuta ni maafisa wa samaki na wanyamapori pamoja na watu wa kujitolea. Wapigie mapema jua likiwa bado lipo, kwa sababu hata na wao watatembea kwa miguu saa kadhaa kukufikia.